Mtu wa Maji

Jumanne, 4 Novemba

Naandika garini, mtaa wa Shard End, heater imewashwa mpaka mwisho. Mzee wa pili wa kuhudumia leo ni saa nane.

Mzee Jaspal nusura afe leo asubuhi. Tosti! Mtu amefanya kazi ya vyuma pale Tyseley miaka thelathini na tano, kiharusi kimempiga na hakikummaliza, halafu anataka kuuawa na kipande cha mkate chenye siagi.

Niandike vile ilivyokuwa, maana hapa hakuna anayesoma. Tulikuwa wawili, mimi na Rosine, mhudumu mwenzangu, kwa sababu Mzee huinuliwa kwa mashine na mashine inataka wahudumu wawili. Tukamkalisha kwenye kiti. Rosine akampa kifungua kinywa, mimi nakunja blanketi. Ghafla kimya. Nikageuka — macho yamemtoka, mdomo wazi, sauti hakuna. Uso ukaanza kubadilika rangi. Na mimi nikafanya nini? Nikasema "Maji!" nikakimbilia jikoni.

Mtu akipaliwa mpe maji. Ndivyo tulivyolelewa kwetu Murang'a. Hapa ughaibuni kuna kozi nzima ya kukwambia usimpe. Na nimeifanya hiyo kozi! Kwenye simu, huku nakula chapati. Nikapata mia kwa mia. Cheti mke wangu Angeline amekitundika ukutani.

Jikoni nikafungua mfereji. Kikombe kikajaa. Kikafurika. Sikuufunga mfereji. Nilisimama pale natazama maji yakipita juu ya vidole vyangu, na miguu ikakataa kabisa kurudi. Nilimsikia Rosine akimpiga mgongoni, moja, mbili, tatu, nne, tano. Halafu pumzi, kubwa, ya kelele. Ndipo miguu yangu ikakumbuka kwamba iko kazini.

Nikaingia na kikombe. Tosti iko sakafuni. Rosine akanitazama mimi, akatazama kikombe, akatoka kwenda koridoni kupiga simu, ambulensi na ofisini. Mimi nikapiga magoti, nikamshika Mzee bega, nikamwambia pole. Na hapo hapo — hapo hapo! — mlango ukafunguliwa. Amrita, binti yake. Huja kila Jumanne. Akaniona nimemshika babake. Akaona tosti. Akalia. Akanishika mikono yote miwili, pamoja na kikombe, akasema nimemwokoa baba yake.

Nikasema, "No, no. It's just work."

Wakati ule niliona ni jibu la adabu.


Jumatano, 5 Novemba

Kumbe Amrita alipiga picha. Mimi nimepiga magoti, Mzee anakunywa maji, mwanga wa dirisha unaniangukia kichwani kama malaika wa kalenda. Ameituma ofisini na barua ya kunishukuru. Meneja ameiweka kwenye kikundi cha wafanyakazi. Mtu fulani — nitamjua! — akaipeleka kwenye kikundi cha kanisa. Mpaka saa sita nilikuwa na hongera arobaini na tatu.

Nimejibu wote: "Si kitu, ni Mungu." Sasa nikisoma nilichoandika naona kila "si kitu" imeleta hongera nyingine tatu.

Angeline ametoka zamu yake hospitalini, akavua viatu, akaniuliza jambo moja tu: "Baba Nyawira, ulimpiga mgongoni mara ngapi?"

Nikasema za kutosha.

"Za kutosha ni ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Akaniangalia. Akaenda kuchemsha chai. Mtu asioe nesi!


Alhamisi, 6 Novemba

Kwa Mzee Jaspal tena. Tangu kiharusi maneno yake ni machache, anayachagua. Leo nilipoingia aliinua mkono ule mzima akapaza sauti: "Water man!"

Mtu wa Maji. Amrita, aliyekuja kuleta dawa, akaona ni jina la upendo. Akafurahi sana. Mzee akamwelekezea Rosine kidole, halafu akajipiga begani mwake mwenyewe, pap, pap, pap. Amrita akasema maskini, bado mgongo unamuuma.

Rosine alilazimika kuingia chooni kucheka. Nilimsikia.

Garini nikamwambia Rosine nitasema, sijui imekuwaje, nitasema. Yeye ni wa Bukavu, alikuwa nesi kule miaka kumi, hapa ni mhudumu kama mimi. Akafunga mkanda polepole. "Oui, shujaa," akasema. "Endesha."

Nikamuuliza kwa nini yeye hasemi.

"Mie niseme? Batasema Rosine anatafuta sifa. Picha iko na sura yako. Weye ndio unajua kile ulifanya mu cuisine."

Cuisine, yaani jikoni. Nikawasha indiketa, na hakukuwa na kona.


Jumapili, 9 Novemba

Leo nilikwenda kanisani nimekusudia kusema ukweli. Niliamka nao, nikaoga nao, nikavuka mji mzima nao kutoka Tyseley mpaka ukumbi wetu Winson Green.

Pasta Gaston akaniita mbele kutoa ushuhuda. Nikasimama. Wakenya kulia, Wakongo kushoto, Rosine kwenye kwaya na joho lake la zambarau. Nikashika kipaza sauti. Nikasema, "Kanisa, si mimi niliyemwokoa yule mzee."

"AMINA!"

Nikasema, "Hapana, nasema kweli, si mimi —"

"Ni Bwana!" kanisa lote. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mpiga kinanda akashika noti. Nikasema tena si mimi, na kadiri nilivyokana ndivyo walivyosimama, mpaka wazee walikuwa wanapunga vitambaa. Kwaya ikaingia. Na sauti ya kwanza? Rosine! Anaimba na ananitazama, uso hauna hata mkunjo mmoja.

Wimbo ulichukua dakika kumi na moja. Ulipokwisha kukawa na utulivu mzuri kabisa, na Pasta akaniuliza kama nina neno la kuongeza.

Nilikuwa na neno. Mbele yangu Nyawira, binti yangu, miaka tisa, amesimama juu ya kiti ili anione. Nikasema, "Bwana asifiwe." Nikaketi.

Mpaka hapo ningeweza kuwalaumu watu kwa makelele yao. Lakini ule utulivu ulikuwa wangu peke yangu, na nilikaa chini. Naona aibu. Na tena — niandike tu — wakati wanaimba nilijisikia vizuri. Miaka saba nchi hii, ni mara ya kwanza chumba kizima kinasimama kwa ajili yangu.

Haikuishia hapo. Jumamosi ijayo watoto wa Sunday school wataonyeshwa filamu ya katuni, ya shujaa. Kila muhula hufanya hivyo, halafu mtu mzima mmoja huwaeleza watoto filamu inatufundisha nini. Pasta ametangaza msemaji wa safari hii. Shujaa wetu wenyewe, amesema. Ndugu Mugo.


Jumatatu, 10 Novemba

Tumetazama filamu. Nyawira amekaa na daftari kama mkaguzi wa shule. Ananifundisha. Nikiuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, na nikisinzia: "Dad. Focus."

Shujaa ni njiwa. Njiwa mnene wa mjini, namwita Kapteni Bawa. Alimeza balbu ya taa ya barabarani akapata nguvu — anainua malori, anasimamisha treni — na amevaa soksi ya rangi ya machungwa usoni, ina matundu mawili ya macho. Watu wanampenda, wanamrushia chipsi. Basi siku moja balbu inaungua tumboni. Nguvu kwisha. Lakini soksi bado anayo, na chipsi bado zinakuja. Anaendelea kusimama juu ya sanamu, kifua mbele, anaomba tu lisitokee jambo.

Linatokea, bila shaka. Daraja linakatika, treni imening'inia, mji mzima umemwinulia macho. Anavua soksi, anasema mbele ya wote: "Siwezi. Nguvu zangu ziliisha Jumanne."

Nyawira anavunjika mbavu hapo. Jumanne! Mbona Jumanne? Amerudisha nyuma mara nne ili acheke tena. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Baada ya hapo njiwa wote wa mji, wa kawaida, wachafu, wasio na soksi, wanashuka na kuinua daraja pamoja.

Nikamuuliza Nyawira mtu anakuwaje shujaa wa kweli, maana Jumamosi mimi ndiye nitaulizwa. Amenipa majibu yake, ameyatia namba. Moja, nguvu si zako, umeazimwa. Mbili, ukiogopa, sema kwa sauti, ili wenzako wajue waje. Tatu, usivae soksi ya mtu mwingine, ni uchafu.

Nikauliza, na yule aliyejifanya ana nguvu siku zote zile, ni mtu mbaya? Akafikiri. Akasema hapana, si mbaya, ni mjinga tu. Then he stops being one. Halafu akauliza tutakula nini.


Jumatano, 12 Novemba

Meneja amenipigia. Kampuni inatafuta kiongozi wa zamu. Saa za mchana peke yake, hakuna tena kuamka na giza. Amesema barua ya Amrita imewagusa wakubwa, nijaze fomu, mwisho ni leo saa sita, mahojiano Jumatatu.

Nimeijaza garini. Kuna swali: eleza siku ulipochukua hatua ya haraka kumsaidia mteja. Nilikwenda haraka jikoni, hilo ni kweli! Nimeandika: "Tarehe 4 Novemba mteja alipaliwa na tosti. Tulichukua hatua mara moja." Tulichukua. Sisi. Nimesoma mara mbili, hakuna uongo ndani yake hata chembe. Nikabonyeza tuma.

Ni maandishi ya kijanja kuliko yote niliyowahi kuandika.


Ijumaa, 14 Novemba

Rosine pia ameomba ile kazi.

Ameniambia mwenyewe, tunangoja taa iwe kijani. Ni mara ya tatu anaomba. Anaamka saa kumi alfajiri, basi mbili kutoka Winson Green mpaka huku, akirudi jioni kitabu kinamwangukia usoni. Anasomea mtihani wa kurudi kuwa nesi. Zamu ya mchana ingempa jioni zake. Mahojiano yake ni Jumatatu saa nne. Yangu ni saa nne na nusu.

"Nilisikia na weye umeweka fomu," akasema. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

"Rosine, mimi sikuandika kwamba nilim —"

"Kaka Mugo. Taa."

Ilikuwa kijani. Nyuma wanapiga honi.

Tulipofika kwa Mzee Jaspal alikuwa anakula uji wa shayiri. Tosti imepigwa marufuku nyumba ile. Hakunichekea. Akasema "Water man," taratibu, namna unavyomwita mtu aliyesahau kitu mlangoni.

Nyumbani nikamweleza Angeline. Kila kitu: kikombe, mfereji, miguu, fomu. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Akasema alijua tangu siku ya vidole.

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona utafika lini." Akanirushia soksi nizitafutie wenzake. "Umechelewa, lakini si sana. Kuganda kwa hofu si dhambi, Baba Nyawira. Kwenye wodi nimeona madaktari wakiganda. Wewe sema tu wewe ulikuwa wapi na yeye alikuwa wapi."

Nikamwambia nimeshajaribu, wakaimba.

Amecheka mpaka akakaa juu ya nguo safi.

Nimempigia meneja kufuta fomu. Simu yake inasema ofisi imefungwa hadi Jumatatu saa tatu. Naweza kufuta Jumatatu saa tatu. Lakini nikifuta, fomu yangu tu ndiyo itatoka. Barua ya Amrita itabaki na jina langu, na Rosine ataingia saa nne bila kitu mkononi.


Jumamosi, 15 Novemba

Naandika jikoni mwa kanisa, Winson Green. Daftari liko juu ya frigi ndogo, meza imejaa sambusa, nasimama. Ukutani upande wa pili filamu inaendelea, nasikia treni imening'inia. Nina dakika kama saba.

Nimevaa leso ya njano ya Angeline, imefungwa shingoni, inaning'inia mgongoni. Ni joho langu la ushujaa. Nyawira ameifunga mwenyewe, kwa fundo la kamba za viatu, sidhani itafunguka tena katika maisha haya. Nimevuka maegesho nikiwa hivi. Mvulana mmoja wa baiskeli amenipigia saluti.

Ukumbi umejaa. Watoto wamekaa sakafuni. Pasta Gaston amenong'ona kwamba ana mshangao kwa ajili yangu, na mshangao wenyewe ni huu: safu ya mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu, Mzee Jaspal, na kilemba kipya cha samawati. Amrita kando yake na trei ya sambusa. Na kando ya Amrita — meneja! Kwa koti la Jumamosi! Amrita amewaalika wote waje wanisikie. Rosine yuko pembeni ya Mzee, anamfutia mdomo, kwa mazoea, kama tuko zamu.

Nilipowaona nikamwambia Pasta naenda kuchukua maji kidogo.

Ndiyo. Jikoni. Maji. Nimefungua mfereji, nimeshika kikombe, kikombe kimejaa, na nimegundua nimesimama vile vile! Vidole vile vile chini ya maji.

Angeline amechungulia. "Umefuata nini huku?"

"Maji."

Alitazama kikombe tu, namna Rosine alivyokitazama siku ile, akarudisha mlango taratibu.

Nimefikiri vizuri, na shida ni ile amina. Nikianza na "si mimi" wataimba, kinanda kiko pale pale. Kwa hiyo sitaanza na si mimi. Nitaanza na mfereji. Nitawaambia watoto: hapo zamani kulikuwa na mtu mmoja na kikombe, amesimama mbele ya mfereji, anaogopa. Hakuna mtu anayeweza kusema amina kwa mfereji. Halafu nitawaambia nilichokuwa nasikia kutoka chumba cha pili, na nitahesabu kwa sauti mpaka tano, na nitataja jina la aliyekuwa anapiga. Jina lake lote, Rosine, nesi wa Bukavu, miaka kumi. Nikimtazama meneja. Kama nitaweza kumtazama. Nitajaribu kutazama tai yake ya shingoni.

Nyawira atakuwa anasikiliza. Hilo ndilo limeniweka hapa jikoni, si meneja. Jumapili alisimama juu ya kiti.

— Ameingia sasa hivi, mwenyewe, kunitafuta. Ameona daftari, hakuuliza. Akanyoosha leso mabegani. "Dad, are you scared?"

Nikamwambia ndiyo. Sana.

"Good," akasema. "That's number two. Say it like that." Akachukua sambusa mezani, akaondoka nayo.

Wanacheka huko. Vicheko vya watoto themanini, kelele ya ajabu — wamefika kwenye ile Jumanne. Zimebaki dakika mbili, njiwa washuke, daraja liinuke, muziki.

Muziki umeanza. Taa zimewashwa. Pasta anaongea, anasema shujaa, anasema unyenyekevu, ananitafuta. Mpiga kinanda anajaribu vidole, yule naye!

Mfereji nimeufunga. Kikombe nimekiacha kwenye sinki.

Na kutoka ukumbini, kabla Pasta hajamaliza kutaja jina langu, sauti nyingine imemkata, nene, yenye nguvu zote alizo nazo: "Water man!" Watu wanacheka. Nakuja, Mzee.